Saa Iliyochemshwa kwa Chai

Tarehe 18 Juni 2006, siku ya Jumapili, nilimpoteza baba. Mwezi wa tisa mwaka huohuo nikapoteza saa yake. Baba alichukuliwa na Mungu, na Mungu simdai kitu. Saa ilichukuliwa na mtu ninayemfahamu, aliyekaa kwenye kigoda cha nyumbani kwangu akanywa uji wangu. Huyo nilimweka moyoni mpaka nilipomaliza naye. Naandika kama ilivyokuwa, na pale nilipofurahi nitasema nilifurahi.

Baba alikuwa mpiga kengele wa misheni ndogo upande wa Kaengesa. Aliianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Mwanzoni alikuwa anapiga kwa kuangalia kivuli cha ukuta wa kanisa, na siku za jua mambo yalikwenda. Lakini kwetu huku juu, wakati wa mvua ukungu unaweza kukaa mpaka karibu na mchana. Kivuli hakuna, na baba alikuwa anapiga kwa kukisia. Walikuwepo waliofika misa padre bado anaoga, na waliofika padre keshavua mavazi. Padre mzungu wa wakati huo alivumilia. Alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja, alivua saa yake ya mkononi akamfunga baba mbele ya watu. Kumbe kabla ya hapo alikuwa ameipeleka Mbeya, ikachongwa mgongoni herufi za jina la baba na jina la kijiji. Kwa hiyo haikuwa zawadi ya kukurupuka. Ilifikiriwa.

Tangu siku hiyo kengele yetu ilikuwa kengele ya kuaminiwa. Hata mwalimu wa shule alikuwa anarekebisha saa yake kwa kumsikiliza baba. Jioni baba alikaa mlangoni akaijaza ufunguo kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemfunga mtoto kifungo cha shati. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Ila ukiugua alikuja akaiweka sikioni mwako, ukalala na mlio wake. Mimi niliugua sana utotoni, hivyo niliisikia kuliko wenzangu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni na chumvi tu yakajaa vitu. Kaka yangu alikuwa wa kwanza kijijini kuacha jembe na kwenda Tunduma kufuata mali. Alileta mitumba, betri, redio, na saa. Saa zilikuja kwa mafungu, zimemwagwa kwenye gunia kama maharage. Zilikuwepo za kung'aa kama dhahabu, zenye taa, zenye kikokotoo, na zote zimeandikwa majina makubwa ya Uswisi. Zilikufa mvua ya kwanza. Watu wakazoea. Mtu akikuonyesha saa unauliza kwanza, hii ni yenyewe au ni ya Tunduma?

Kaka alitaka baba aache kengele aje kumlindia duka. Baba alikataa. Ugomvi wao ulianzia hapo na haukuisha. Kaka akawa anasema vilabuni kwamba wazungu walimtumikisha baba miaka yote ile wakamlipa kwa mdoli. Alisema amezikuta saa za namna ileile Nakonde, ng'ambo ya mpaka, zimemwagwa chini, unachagua kwa mguu. Watu walicheka. Maneno hayo yalimfikia baba. Akifika nyumbani kaka, baba alimuuliza habari za watoto, akamuuliza habari za barabara, la saa hakuligusa.

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Kama saa ilikuwa bandia, basi baba alidanganywa maisha yake yote, na kaka alikuwa anasema kweli. Kama ilikuwa ya kweli, kaka alikuwa na deni la maneno. Mimi sikuweza kujua. Nilisoma mpaka darasa la saba, na kazi yangu ilikuwa kupima mahindi kwenye mashine ya kusaga, ambayo ni ya kaka huyohuyo, hapa mjini, mtaa wa Katandala. Alipoona mitumba inajaa wachuuzi aliuza duka akanunua mashine. Nilifanya kazi kwake na nilimpenda, ila kwenye jambo la saa nilimnunia.

Baba alifia kwangu. Tulimrudisha kijijini tukamzika, na matanga yalipokwisha ukoo ukakaa kugawa vitu vyake.

Sasa, katika ukoo wetu vitu vya marehemu havigawiwi vikiwa na jasho lake. Nguo zinapelekwa mtoni zinafuliwa. Vya chuma vinasuguliwa kwa majivu na mchanga laini mpaka ving'ae, jembe, shoka, kisu, hata chuma cha mkanda. Anayepokea apokee kitu kisafi, kifo kisimfuate nyumbani kwake. Anayesimamia ni shangazi. Ilipofika zamu ya saa wakatazamana. Mjomba mmoja akasema saa haifuliwi. Shangazi akamuuliza, ilikuwa mkononi mwake alipokata roho au haikuwepo? Wakasema ilikuwepo. "Basi kuna jasho," akasema, na akaipokea yeye mwenyewe.

Akaiosha. Akaisugua mgongo kwa majivu mpaka zile herufi zikabaki kama alama za kucha. Uso wa saa, ambao kwa uzee ulikuwa umegeuka rangi ya uji wa ulezi, uliingia maji ukatoka malengelenge na namba zikabanduka. Hakuna aliyeona tumeharibu kitu. Tuliona hatujamaliza kusafisha. Kaka, nimpe haki yake, alitoa hela yake akaipeleka mjini kwa fundi saa wa sokoni. Fundi akaikausha akaitia mafuta, kisha yule bwana anayeandika mabango ya maduka akapaka uso rangi nyeupe na kuandika namba upya kwa rangi nyeusi. Iliporudi ilimetameta. Ukoo mzima uliisifu. Shangazi akanifunga mkononi kwa sababu mimi ndiye niliyemuuguza baba.

"Angalau sasa inafanana na zile za Nakonde," kaka akasema.

Wakacheka hata waliokuwa wanalia. Mimi niliinamisha kichwa.

Mnunuzi wa saa alikuja kwenye mashine mwezi wa nane. Alikuwa kijana wa Milanzi, wa miaka thelathini hivi, amefungua chumba cha intaneti karibu na stendi, chenye kompyuta chache na dishi juu ya bati. Mjini walimwita mtu wa saa, kwa sababu alikuwa anazunguka vijijini kununua saa za zamani. Misheni za huku ziliwapa saa makatekista wengi na mafundi wengi, na wazee hao walikuwa wanakufa. Aliniamkia vizuri, shikamoo dada, akanipa pole ya msiba, akaangalia mkono wangu.

Nilimwambia mapema kwamba siuzi. Akasema hajaja kununua. Akanieleza kwamba kwenye intaneti kuna watu wanaopenda saa za zamani, wapo nchi mbalimbali, unawawekea picha wanakuambia hii ni ya kweli au ya bandia, imetengenezwa wapi na miaka ipi. Nikamuuliza wanalipwa nini. Akasema hawalipwi, wanapenda tu.

"Wanaweza kujua bila kuishika?"

"Dada, wale wanajua kwa kuangalia skrubu."

Nilimwambia nataka hilo tu. Nataka kujua kama ni ya kweli, basi. Alikuja nyumbani jioni, akakaa, nikampa uji. Akaifungua saa mgongo kwa kisu chembamba akaipiga picha juu ya meza yangu, nje na ndani. Akaniomba na picha ya baba akiwa ameivaa, akasema wale watu wakiona saa ilivyokuwa zamani wanalinganisha. Ninayo moja, baba amesimama chini ya kengele, amekunja mkono wa shati ili saa ionekane. Nikampa. Aliirudisha upesi, haijakunjika. Nilimwona ni mtu mwaminifu.

Alirudi mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Alikaa kwenye kigoda kilekile, akavua kofia.

"Dada, pole. Wamesema ni feki."

Nikamuuliza wamesema wote? Akasema wote. Nikamuuliza na ya ndani je, maana ndani hatukupaka rangi. Akasema, "Hasa ndani." Akatikisa kichwa kama anayesikitika, akasema wazungu wa zamani nao walikuwa wajanja, walijua mtu mweusi hatafungua. Nakumbuka maneno hayo kwa sababu yalikuwa karibu sawa na ya kaka.

Nikaivua. Usiku nilishindwa kulala nayo chumbani. Nilikuwa nasikia mlio ule ulionilaza utotoni, na sasa nikauona ni mlio wa kunicheka. Kijana alikuwa amesema anaweza kuichukua kwa ajili ya vipuri, kwa hela inayotosha mfuko mmoja wa saruji. Asubuhi nilimpa kwa mkono wangu. Saruji niliinunua kweli, nikampa fundi, akamfunika baba. Kila nikienda makaburini kuna pale palipofunikwa kwa hela hiyo. Siwezi kuibandua.

Nilimwambia kaka, kwa sababu sikuzoea kuficha. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Si nilisema," kwa sauti ndogo, akaendelea kukaza mkanda wa mashine. Lakini Jumapili iliyofuata ukoo mzima ulikuwa unajua. Shangazi aliniambia niache kumlilia baba mara ya pili.

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari, mama wa makamo kama mimi. Baba mkwe wake alikuwa katekista, naye aliacha saa, na yule mtu wa Milanzi alikuwa ameanza kumzungukia. Mwalimu ni mwanamke asiyenunua hata nyanya bila kuigeuza. Shuleni kwao walikuwa wameletewa kompyuta, akaingia mwenyewe kutafuta hao wapenda saa. Siku hiyo alikuja kwangu kilemba kimekaa upande. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Vaa viatu. Baba yako yuko kwenye kompyuta."

Nilidhani anatania, ingawa mwalimu hafanyi utani juu ya marehemu. Nikamfuata.

Kwenye kioo alikuwepo baba, amesimama chini ya kengele, amekunja mkono wa shati. Pembeni yake saa. Nilimwomba mwalimu asinieleze kwa haraka, anisomee sentensi moja moja na kuigeuza kwa Kiswahili. Ilikuwa imeandikwa kwamba hii ni saa ya mpiga kengele wa misheni ya Afrika, ya mmiliki mmoja, haijapakwa rangi, haijasuguliwa, kila kitu ni kilekile cha kiwandani. Na muuzaji amesema yeye ni mjukuu wa mzee huyo. Ameandika kwamba babu alimwachia saa hii kitandani, na anaiuza kwa uchungu ili alipie masomo.

Nilikuwa nimemshika baba mimi kitandani. Hakukuwa na mjukuu pale.

Nikaiangalia saa yenyewe. Uso haukuwa mweupe tena. Ulikuwa wa kahawia, umezeeka kuliko hata ulivyokuwa kabla ya shangazi, na zile herufi za mgongoni zilikuwa zinasomeka kama zimechongwa jana. Nikasema labda si yenyewe. Mwalimu akasema subiri, akabonyeza, akafungua ukurasa mwingine wa wale wapenda saa. Hapo palikuwa na swali la mtu huyohuyo, kwa jina lilelile alilojipa, la mwezi wa nane. Picha zilikuwa za saa yetu, nyeupe, juu ya meza yangu. Kitambaa changu cha kufuma kilionekana.

Chini yake walimjibu. Mwalimu alisoma wote. Hakuna hata mmoja aliyesema ni bandia. Walisema mashine ya ndani ni ya Uswisi kwelikweli, namba ya ndani na ya nje zinakubaliana, hata skrubu ni zake. Wakasema tatizo ni uso, umepakwa rangi na mtu asiye fundi, na mgongo umesuguliwa mno, kwa hiyo thamani yake sokoni imeshuka. Wa mwisho aliandika kwamba kwa saa yenye historia kama hii angeishauri familia isiiuze.

"Rudia hapo," nikamwambia mwalimu.

Akarudia. Nikamwomba arudie tena.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi saa wa sokoni. Sikuuliza kwa hila, niliuliza tu ilikuwaje saa ya baba ikawa ya kahawia. Fundi hakuficha, alidhani mimi na yule mtu tunashirikiana. Alieleza huku anacheka. Waliondoa ile rangi ya mwandika mabango, wakaandika namba upya kwa kalamu nyembamba, kisha wakachemsha chai ya rangi kali wakautumbukiza uso humo, wakaukausha juu ya mkaa. "Umetoka mzee kuliko mzee mwenyewe," akasema. Herufi za mgongoni walizifufua kwa ncha ya sindano. Akaniuliza kama mzigo umeshapata mteja.

Nilirudi kwa miguu mpaka Katandala. Njiani nilikuwa nafikiria jambo moja. Sisi tuliisugua saa ya baba ionekane mpya kwa sababu tulimheshimu. Yeye aliipika ionekane kuukuu kwa sababu alijua wageni wanapenda ukuukuu. Hilo ningeweza kulimeza, biashara ni biashara. Lakini kunikalisha nyumbani kwangu, na kilemba cha msiba kichwani, akaniambia baba alidanganywa, huku ameshasoma kwamba hakudanganywa? Nilitaka aumie. Sitafuti neno zuri zaidi ya hilo.

Kaka angeweza kumpiga, nami sikumwambia kwa sababu hiyo. Kipigo kingeisha. Polisi nao wangeniuliza aliiba nini, na jibu la kweli ni kwamba hakuiba, nilimpa. Nilijiuliza mtu huyu anaishi kwa kitu gani. Anaishi kwa kuaminiwa na watu wasiomwona. Basi nimguse hapo.

Nilimwomba mwalimu aniandikie kwa Kiingereza, chini ya lile swali lake la mwezi wa nane na kwenye lile tangazo la kuuza. Mimi nitasema, yeye aandike. Alikubali mara moja, akaanza kwa hasira kubwa kuliko yangu. Aliandika kwamba muuzaji ni mwizi. Nikamwambia afute. Akaandika kwamba muuzaji ni tapeli anayejulikana mji mzima. Nikamwambia afute, mji mzima sijauuliza.

"Sasa unataka niandike nini, mwenzangu? Kwamba ni mtu mwema?"

Nikamwambia aandike mambo yaliyotokea. Mimi ni binti wa huyo mzee wa kwenye picha. Muuzaji si mjukuu wake. Nilimpa saa kwa hiari yangu baada ya kuniambia kwamba ninyi mmesema ni bandia. Uso wake uliharibiwa na sisi wenyewe tulipoiosha kwa majivu kwa desturi ya ukoo wetu, ukapakwa rangi na mwandika mabango. Rangi hiyo imeondolewa, namba zikaandikwa upya, uso ukachemshwa kwenye chai ya rangi na kukaushwa kwa mkaa. Herufi za mgongoni zimechongwa upya kwa sindano. Picha ya baba nilitoa mimi, si kwa kuuzia.

Mwalimu alikuwa anaandika, akasimama. Akaondoa miwani.

"Ukiweka hivi, saa ya mzee imekufa. Hakuna atakayeinunua, leo wala kesho. Hata wewe ukija kuipata huwezi kuiuza."

"Ndiyo."

"Na ya chai ni ya kwake. Haya ya majivu ni yenu. Si uyaache?"

"Yaandike. Nikiacha moja atalishika hilo akatokea nalo."

Aliandika. Tukaweka na picha niliyonayo ya baba, tuliyoipiga tena ikiwa juu ya kitambaa kilekile cha meza, ili waone. Halafu nikarudi kupima mahindi.

Mwalimu ndiye aliyekuwa ananiletea habari jioni. Wa kwanza kujibu alikuwa yule aliyeshauri familia isiiuze; alinipa pole. Aliyekuwa ameahidi kuinunua akajitoa. Kisha wakajitokeza wawili waliowahi kununua kwake saa za makatekista wengine, wakauliza kama nazo zilinyweshwa chai. Wakamtaka aoneshe picha zake za mwanzo. Hakuonesha. Mmoja alidai arudishiwe hela, na mwisho wenye ukurasa wakamfungia, jina lake likawekewa alama kwamba asiaminiwe. Mwalimu alinisomea na hilo. Usiku ule nililala vizuri kuliko usiku wowote tangu Juni. Nilifurahi, nilisema nitasema.

Mtu wa saa alikuja kwenye mashine mchana, siku ya foleni. Msimu ule watu wengi walikuwa wanasaga akiba ya mwisho kabla ya kulima, akina mama wamekaa juu ya madebe yao, na mzee mmoja mfugaji wa Kisukuma amefunga magunia mawili kwenye baiskeli. Kijana hakuniamkia.

"Dada, umeniua."

Nikaendelea kupima. Akasema nimeharibu kazi yake ya miaka, kwamba hata watu wa Arusha aliokuwa anawapelekea saa wameacha kupokea simu zake. Kwamba kama nilitaka kuongezewa hela si ningesema. Mama mmoja kwenye foleni akaguna. Mwingine akamuuliza kama yeye ndiye anayechemsha saa, na zikiiva anazila zenyewe au anazilia ugali.

"Mama, usiingilie, hujui," kijana akasema.

"Sijui nini? Mimi chai yangu nilikuwa nakunywa na maandazi, kumbe ningenywa na saa."

Foleni ikacheka. Yule mzee mfugaji hakucheka. Alimwangalia kijana kama anavyoangaliwa ng'ombe wa mnadani, akasema kwao mtu akipaka ng'ombe mzee rangi, ananyang'anywa ng'ombe na rangi. Hapo wakacheka zaidi.

Nikamuuliza kijana saa iko wapi. Akaitoa mfukoni, imefungwa kwenye karatasi laini. Akasema ananirudishia, hataki hata senti, nikubali tu kuandika kule kwamba tumeelewana, kwamba nilikosea. Nikamwambia kwanza aseme wale watu walisemaje kuhusu saa hii mwezi wa nane.

"Si unajua, dada."

"Mimi najua. Kaka hajui."

Nikaita ndani, nikamwomba kaka azime mashine. Mashine ikanyamaza kidogokidogo, mkanda ukazunguka ukasimama. Kaka akatoka, kope nyeupe kwa unga. Alimwona kijana, akaona saa mkononi mwake. Nikamwambia kijana aseme sasa, kwa sauti.

Alikohoa. Akaangalia chini.

"Walisema ni ya kweli."

"Sema yote."

"Walisema ni ya Uswisi, mashine yake ni yake. Haikuwa feki. Mimi ndiye nilimwambia dada ni feki."

Kaka alisimama. Alijifuta uso kwa kiganja, akabaki na michirizi. Nilikuwa nimengoja miaka mingi aseme kitu, na nilimwangalia mdomo. Aliichukua saa kwa yule kijana kwa mikono miwili, akaigeuza akasoma mgongoni, akaingia nayo ndani. Tangu siku hiyo sijasikia ameitaja Nakonde. Saa iko kwake mpaka leo, aliniomba, nikamwachia. Anaijaza jioni. Inatembea, ila inachelewa.

Kijana akabaki amesimama mbele ya mizani yangu.

"Haya, nimesema mbele ya watu. Sasa utaniandikia tumeelewana."

"Hatujaelewana."

"Dada, uliniahidi."

"Nilikuahidi nini?"

Sikuwa nimemwahidi kitu. Nilikuwa mwangalifu sana na maneno yangu siku hiyo. Akasema nina roho mbaya, na kwamba nguo zangu nyeusi ni za kuzugia. Nikamwita anayefuata kwenye foleni. Ndani kaka akawasha mashine, ikanguruma, na kijana akaendelea kusema lakini hakuna kilichosikika, ni mdomo tu uliokuwa unakwenda. Akaondoka.

Chumba cha intaneti kilifungwa kabla ya mwaka kuisha. Dishi liliteremshwa, wakaja watu wengine wakaweka saluni. Wakasema amekwenda Mpanda, wengine Tunduma. Mwalimu aliniuliza kama sasa inatosha, niandike hata neno moja la kumlegezea, maana ni kijana na ana mama. Nilimwambia yote niliyoandika ni kweli, nikiongeza la kumlegezea litakuwa la uongo.

Krismasi kijana alikuja kwa wazazi wake. Kanisa lilijaa mpaka nje, na watu walipokuwa wanasogeana kutafuta nafasi alijikuta kwenye benchi la nyuma yangu. Sikujua mpaka padre aliposema tutakiane amani. Niligeuka, na alikuwa yeye. Alikuwa amekonda. Akanyoosha mkono, akasema, "Amani ya Kristo, dada."

Wa kulia kwangu walikuwa wanatuangalia. Shangazi alikuwepo. Mkono wa kijana ulikaa pale hewani mpaka watu wakaanza kuimba.

Sikumpa wangu. Niligeuka nikaangalia mbele.